Mkato mdogo humpunguzia mtoaji ini maumivu, si hatari

KISU cha daktari kwa kawaida hufuata ugonjwa. Mtu ana uvimbe, kidoletumbo kimeoza au mfupa umevunjika, naye hukubali kupasuliwa kwa kuwa anatarajia kupona. Anayetoa sehemu ya ini lake angali hai hayumo katika hesabu hiyo. Huingia hospitalini akitembea, haumwi popote, kisha hulazwa mezani na kupasuliwa kwa saa tano au zaidi kwa ajili ya afya ya mtu mwingine. Anapozinduka kutoka usingizi wa nusukaputi, yeye ndiye mgonjwa, na kwa siku kadhaa hawezi hata kukohoa bila kushika tumbo.

Ni kwa sababu ya hali hiyo ambapo madaktari wa Asia, Ulaya na Marekani wamekuwa wakijiuliza, kwa zaidi ya miaka 20 sasa, swali linaloonekana dogo: je, ni lazima tumbo la mtu huyu lipasuliwe kwa upana wote ule uliozoeleka? Baadhi yao walijibu kwa kuingiza kamera na vyombo virefu kupitia matundu madogo. Wengine walishika njia isiyozungumzwa sana, nayo ni kuendelea kupasua kwa mikono kama zamani lakini kupitia mkato mfupi ulionyooka, usiokata msuli wowote. Njia hii ya pili ndiyo inayostahili kueleweka vyema, hasa na jamaa za wagonjwa ambao siku moja huenda wakaambiwa kwamba wao ndio tumaini lililosalia.

Upandikizaji wa ini kwa binadamu ulijaribiwa mara ya kwanza mwaka wa 1963 na Thomas Starzl mjini Denver, Marekani. Ini lilitolewa kwa mtu aliyekwisha kufariki, na kwa miaka 25 iliyofuata hapakuwa na njia nyingine. Tatizo lilikuwa watoto. Mtoto mchanga aliyezaliwa akiwa na mifereji ya nyongo iliyoziba hawezi kuwekewa ini zima la mtu mzima, na watoto wa kimo chake wanaofariki wakiwa na maini yanayofaa ni wachache mno. Wengi walikufa wakiwa katika orodha ya kungoja.

Mnamo Desemba 1988, Silvano Raia wa São Paulo, Brazili, alichukua kipande cha ini la mtu aliye hai na kumwekea mtoto. Mtoto huyo hakuishi. Julai 1989, mjini Brisbane, Australia, Russell Strong alichukua sehemu ya ini la mama Mjapani na kumwekea mwanawe wa kiume, naye akapona. Kabla ya mwaka huo kwisha, upasuaji kama huo ulikuwa umefanywa pia Chicago, chini ya Christoph Broelsch, na Shimane nchini Japani.

Si ajabu kwamba Japani iliikumbatia njia hii kuliko nchi nyingine. Sheria ya huko haikuruhusu viungo kutolewa kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa ilhali moyo ungali unapiga hadi mwaka wa 1997, na hata baada ya hapo familia nyingi zilisita. Korea Kusini nayo ilikuwa na upungufu mkubwa wa viungo vya marehemu, huku homa ya ini aina ya B ikiwa imewaharibu maini watu wengi wa makamo. Katika nchi hizo mbili, kumpa jamaa sehemu ya ini likawa jambo la kawaida: mama kwa mtoto, mke kwa mume, na huko Korea hasa kijana wa miaka 20 na ushei kwa baba yake.

Jambo linalowezesha haya yote ni tabia ya ini lenyewe. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na laweza kugawanywa kwa kuwa kila sehemu yake ina mshipa wake wa kuleta damu, mshipa wa kuiondoa na mfereji wake wa nyongo. Mfaransa Claude Couinaud ndiye aliyechora ramani ya sehemu hizo, nane kwa jumla, katika kitabu chake cha mwaka wa 1957. Fauka ya hayo, ini lililokatwa hukua tena. Halioti upya kama tawi, bali sehemu iliyobaki hunenepa hadi ikakaribia ukubwa wa ini zima, na sehemu kubwa ya ukuaji huo hutokea katika wiki chache za mwanzo.

Kwa mtoto mdogo, kipande cha pembeni upande wa kushoto, takriban sehemu moja kwa tano ya ini, hutosha. Kwa mtu mzima hakitoshi. Ndipo mwaka wa 1996, katika Hospitali ya Queen Mary mjini Hong Kong, kundi la Fan Sheung-Tat lilipoanza kutoa upande wa kulia, ambao ni karibu asilimia 60 ya ini au zaidi. Kuanzia hapo mzigo anaoubeba mtoaji ulibadilika. Kutoa moja kwa tano na kutoa zaidi ya nusu ni mambo mawili tofauti, hata kama yote mawili yanaitwa kwa jina moja.

Tumbo lililofunguliwa kama nyota

Ini limejificha juu ya tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, likiwa limeshikamana na msuli utenganishao kifua na tumbo. Nyuma yake umepita mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kulifikia si suala la kupasua ngozi iliyo mbele yake, maana mbele yake pana mbavu.

Madaktari wa upasuaji walizoea kulitatua tatizo hili kwa kufungua tumbo wazi kabisa. Mkato mmoja ulipita chini ya mbavu kutoka kulia hadi kushoto, na mwingine ukapanda kutoka katikati hadi kidarini, hata likabaki kovu lenye pembe tatu ambalo wenyewe waliliita Mercedes, kwa kulifananisha na nembo ya gari hilo. Wengine walitumia mkato wenye umbo la herufi L, ukiteremka kutoka chembe cha moyo na kisha kukata kona kuelekea ubavu wa kulia. Urefu wa mikato hiyo uliweza kupita sentimita 25.

Faida yake ilikuwa dhahiri: daktari aliona kila kitu. Hasara iliangukia upande mmoja tu, wa aliyelazwa. Mikato hiyo hupita katikati ya misuli ya tumbo na kukata neva zinazotoka mgongoni kufuata mbavu hadi ngozi ya tumbo. Maumivu yake humfanya mtu aogope kuvuta pumzi kikamilifu, na mapafu yasiyojazwa hewa ipasavyo hukaribisha nimonia. Wapo wanaobaki na ganzi ya kudumu chini ya kovu, na wapo ambao upande mmoja wa tumbo hulegea na kutokeza nje kwa sababu msuli uliokatiwa neva haufanyi kazi tena.

Kwa mgonjwa mwenye saratani, hayo ni malipo anayokubali ili aishi. Kwa kijana mzima wa miaka 22 aliyejitolea kumwokoa baba yake, hesabu ni nyingine.

Mstari ulionyooka

Mkato mdogo wa wazi hushuka wima kutoka chembe cha moyo na kuishia juu kidogo ya kitovu. Kwa kawaida huwa kati ya sentimita 10 na 15, kutegemea umbo la mtu na sehemu ya ini inayotolewa. Ufupi wake ndio unaovutia macho, walakini siri yake haiko katika ufupi. Katikati ya tumbo, misuli miwili mirefu ya kulia na kushoto haigusani; huunganishwa na ukanda mwembamba mweupe usio na nyama, kama pande mbili za kizibao zinavyokutana kwenye vifungo. Kisu kikiufuata ukanda huo, hakuna msuli unaokatwa, na neva zinazoingia kutoka pembeni huachwa karibu zote salama.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mstari huo unafaa tu kwa kutolea upande wa kushoto, ambao uko karibu nao. Upande wa kulia uko mbali, ndani zaidi, na ni mkubwa. Mwaka wa 2009 madaktari wa Kituo cha Kitaifa cha Saratani cha Korea Kusini, mjini Goyang, walichapisha taarifa iliyoonyesha kwamba hata upande wa kulia waweza kutolewa kupitia mkato huo wa wima, bila msaada wa kamera. Kwingineko, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Northwestern mjini Chicago, ambako matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka wa 2006, walichanganya njia mbili: kamera ilitumiwa kwanza kulifungua ini kutoka mahali liliposhikamana, kisha kazi nyeti ya kuligawanya ikafanywa kwa mikono kupitia mkato mdogo.

Mambo kadhaa yaliifanya kazi hiyo iwezekane, na kubwa zaidi ni picha. Zamani daktari alifungua tumbo ili ajue mishipa imekaaje. Siku hizi mashine za siti-skani na emarai humpa kompyuta taarifa ya kutosha kujenga sura kamili ya ini la mtu huyo mahususi, ikiwa na mishipa na mifereji yake, na kukokotoa ni gramu ngapi zitakazotolewa na ngapi zitakazobaki. Mtu ambaye sehemu itakayobaki ni chini ya asilimia 30 ya ini lake kwa kawaida hukataliwa. Daktari anapoishika kalamu ya kuchora ngozi, amekwisha kuliona ini.

Jambo la pili ni utepe. Mwaka wa 2001, Mfaransa Jacques Belghiti alieleza jinsi ya kupitisha utepe laini katikati ya ini na ule mshipa mkubwa wa nyuma, kisha kuuvuta juu. Utepe huinua ini kuelekea kwenye jeraha, hulinda mshipa ulio nyuma na humwonyesha daktari mahali mkato wake unapopaswa kuishia. Badala ya mikono kuzama tumboni kulifuata ini, ini huletwa mikononi. Viongezewe hapo vyuma vya kuvutia mbavu juu na kifaa kinachovunja nyama ya ini kwa mawimbi ya sauti huku kikiiacha mishipa ikiwa mizima ili ifungwe mmoja mmoja.

Upasuaji wenyewe huenda polepole. Kifuko cha nyongo huondolewa kwanza, jambo ambalo watoaji wengi hushangaa kuambiwa kwamba hawatakuwa nacho tena, ingawa mtu huishi vizuri bila hicho. Dawa ya rangi huingizwa katika mifereji ya nyongo na picha ya eksirei ikapigwa papo hapo, kwa maana mfereji ukikatwa milimita chache kando ya mahali pake, mtoaji au mpokeaji atateseka kwa miezi. Kisha ini hugawanywa, tabaka baada ya tabaka, mishipa ikiwa bado inapitisha damu. Robo ya damu yote inayotoka moyoni hupitia kiungo hiki; takriban lita moja na nusu kila dakika. Mishipa hufungwa mwishoni kabisa, pale tu kundi la pili katika chumba cha jirani linapokuwa tayari kulipokea pande hilo. Hapo ndipo hutolewa kwa kupitishwa kiubavu katika ule mkato mfupi, likaoshwa kwa maji maalumu baridi na kupelekwa.

Kamera, roboti na mkono

Yamkini msomaji atauliza kwa nini pawe na mkato wowote, maadamu mambo mengi leo hufanywa kwa matundu. Swali ni la haki. Mwaka wa 2002, Daniel Cherqui na wenzake wa Paris walitangaza kwamba wametoa kipande cha kushoto cha ini kwa kutumia kamera, kwa ajili ya watoto. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Morioka, Japani, mwaka wa 2014 uliikubali njia hiyo kwa kipande hicho kidogo, lakini ukataka tahadhari kubwa kwa upande wa kulia. Tangu wakati huo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul imeifanya kamera kuwa njia yake ya kawaida kwa watoaji wengi, na Hospitali ya Mfalme Faisal mjini Riyadh, Saudi Arabia, imekuwa kinara wa kutumia roboti.

Hata hivyo, ini haliwezi kupita kwenye tundu la sentimita moja. Ni lazima utafutwe mlango wa kulitolea, na aghalabu huwa ni mkato chini ya tumbo, mahali pale pale wanapopasuliwa akina mama wanaoshindwa kujifungua. Kovu hufichika, lakini lipo. Kamera nayo ina faida zake za haki: hukuza picha, na watoaji wengi waliopitia njia hiyo huondoka hospitalini mapema. Kinachohesabika zaidi ni wakati jambo linapoharibika. Mshipa ukichanika, daktari aliye juu ya mkato wa wazi huweka kidole mara moja, na akitaka nafasi zaidi huongeza mkato wake kwa dakika moja. Aliye nyuma ya kamera hana kidole humo ndani. Watu walioweza kuimudu njia hiyo kwa upande wa kulia wamefanya mamia ya upasuaji kabla ya kuizoea, katika hospitali zinazopata watoaji kila wiki.

Kwa hospitali isiyo na idadi hiyo wala fedha za kununua roboti, mkato mdogo wa wazi una mvuto wa pekee. Vyombo vyake karibu vyote ni vile vile vya thieta ya kawaida, na ujuzi wake ni mwendelezo wa ujuzi ambao daktari wa ini tayari anao. Si hatua ya mpito inayongoja roboti zifike, kama baadhi ya mashabiki wa teknolojia wanavyopenda kusema. Ni njia kamili.

Kisichopungua

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo urefu wa mkato hauligusi. Ndani, kazi iliyofanyika ni ile ile. Gramu 600 au 700 za ini zimeondolewa, mifereji ya nyongo imekatwa, mishipa mikubwa imefungwa. Nyongo yaweza kuvuja kutoka sehemu iliyokatwa. Damu yaweza kuganda miguuni na kusafiri hadi mapafuni. Ini lililobaki laweza kuwa dogo mno kwa mwili lililoachiwa.

Utafiti uliofanywa na hospitali kubwa za Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2012 uliwafuata watu wazima 740 waliotoa sehemu ya ini. Karibu 4 kati ya kila 10 walipata tatizo la aina fulani. Mengi yalikuwa madogo na yalitibika, lakini si yote. Kuhusu vifo, makadirio yanayokubaliwa na wengi ni kama mtu mmoja kati ya 1,000 kwa wanaotoa upande wa kushoto, na hadi watano kati ya 1,000 kwa wanaotoa upande wa kulia. Januari 2002, mwanamume mmoja aliyempa nduguye ini mjini New York alifariki siku tatu baadaye, na kifo chake kikabadilisha sheria za usimamizi wa huduma hiyo katika jimbo zima. Mwaka wa 2003 Japani nayo ilimpoteza mtoaji wake wa kwanza, mama aliyemtolea mwanawe.

Hapa ndipo kovu dogo linapoweza kudanganya. Mtu akionyeshwa picha ya mstari wa sentimita 12, huenda akadhani kwamba anaombwa jambo la sentimita 12. Ndugu wa mgonjwa nao, wakiisha kuiona picha hiyo, hupata maneno ya kumshawishi anayesita. Hospitali zilizo makini humpa mtoaji daktari wake wa peke yake, asiyemtibu mpokeaji, ambaye kazi yake ni kumsikiliza faraghani. Mtoaji akisema hataki, familia huambiwa tu kwamba vipimo havikukubali, na siri ya uamuzi wake hubaki kati yake na daktari huyo.

Mkato wa wima pia una udhaifu wake. Kwa kuwa hupita katika ukanda usio na nyama, kupona kwake hutegemea uzi peke yake kwa wiki nyingi, na ngiri hutokea katika jeraha la aina hii kwa urahisi kuliko katika mikato ya mshazari. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka wa 2015, ukihusisha wagonjwa 560 waliopasuliwa katikati ya tumbo kwa sababu mbalimbali, ulionyesha kwamba mishono midogo iliyokaribiana ilipunguza ngiri kutoka asilimia 21 hadi 13 katika mwaka wa kwanza. Ushonaji, ambao mara nyingi huachiwa daktari mdogo baada ya mkubwa kuvua glavu, una uzito kuliko unavyodhaniwa. Aidha, mtu mnene, au mwenye kifua kirefu na mbavu zilizobanana, huenda asifae kabisa kwa njia hii. Daktari anayeongeza sentimita tano katikati ya kazi ili aone vizuri hajashindwa. Wa kutiliwa shaka ni yule anayekataa kuziongeza kwa ajili ya rekodi yake.

Njia ya kwenda na kurudi

Barani Afrika, Misri ndiyo iliyotangulia. Taasisi ya Kitaifa ya Ini huko Menoufia ilianza upandikizaji wa kutumia watoaji hai mwaka wa 1991. Afrika Kusini, kituo cha Wits Donald Gordon mjini Johannesburg kilianza kuwahudumia watoto kwa njia hiyo mwaka wa 2013, na mwaka wa 2017 kilichukua kipande cha ini la mama anayeishi na virusi vya ukimwi na kumwekea mtoto wake ambaye hakuwa navyo, kwa kuwa hapakuwa na ini lingine na mtoto alikuwa akifa.

Kwa Wakenya, safari imekuwa hasa ya India. Maradhi yanayoharibu ini hapa nchini si mageni: homa ya ini aina ya B, pombe, na sumu ya ukungu wa mahindi, ile iliyowaua watu 125 kati ya 317 waliougua Makueni, Kitui na maeneo jirani mwaka wa 2004, na ambayo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huchangia saratani ya ini. Watoto wachanga wamekuwa wakichanjwa dhidi ya homa hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, lakini waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata kinga hiyo.

Sheria ya India hairuhusu raia wake aliye hai kumpa mgeni ini isipokuwa wawe jamaa wa karibu. Kwa hiyo mgonjwa kutoka Kisumu au Mombasa hasafiri peke yake. Huenda na kaka, dada, mwana au mwenzi wake, wakiwa na barua za ubalozi za kuthibitisha ujamaa, na kesi yao husikilizwa na kamati maalumu kabla ya kisu kuguswa. Michango ya harambee, hata hivyo, hupigiwa hesabu ya mgonjwa. Mtoaji hutajwa kama mtu wa kusindikiza, na ni nadra kwa bajeti ya familia kuwa na fungu la miezi mitatu ambayo hatafanya kazi.

Miezi hiyo si anasa. Ingawa mtoaji aliyekatwa kwa mstari mfupi hutembea siku ya pili na huweza kuruhusiwa baada ya wiki moja hivi, haruhusiwi kuinua mzigo mzito kwa wiki 6 hadi 12. Kwa karani hilo ni jambo dogo. Kwa mwanamke anayebeba mtungi wa maji, mchukuzi wa sokoni au mkulima wa msimu wa kupanda, ndiyo riziki yenyewe, na kovu linalopendeza humrudisha kazini mapema kuliko mishono ya ndani inavyoweza kuhimili.

Kabla ya kutia sahihi, mtoaji ana haki ya kuuliza ni upande gani wa ini utakaotolewa na asilimia ngapi zitabaki. Daktari huyo amewapasua watoaji wangapi kwa njia hiyo, si wagonjwa wa saratani. Ni watoaji wangapi wa hospitali hiyo waliofariki au kurudishwa thieta. Na ni nani atakayegharimia matibabu yake iwapo tatizo litajitokeza akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Arudipo, anapaswa kubeba ripoti ya upasuaji wake mwenyewe, tofauti na ile ya mpokeaji, pamoja na picha za mifereji ya nyongo na vipimo vya damu vya siku aliyoruhusiwa. Daktari wa hapa nchini atakayempima baada ya mwezi, miezi mitatu na mwaka mmoja atavihitaji. Homa, macho kugeuka manjano au maumivu mapya upande wa kulia ni dalili za kumrudisha hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama kidonda cha nje kimekwisha kufunga.